Kiswahili cha Ndosho hakijaharibika: waulizeni watu wa Kerala na wa Cape Town

Mukaaji wa Goma akifika Nairobi ao Dar es Salaam hamalizi maneno kumi kabla ya kuulizwa anatoka wapi. Akisema "kitabu yangu", wanacheka. Akisema "niko nakuya", wanacheka tena. Kisha anatokea mmoja mwenye huruma na kumueleza kwamba ninyi Wakongomani Kiswahili mlikiharibu. Tangu inchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022 hukumu hiyo tunaisikia zaidi, na wanaoitoa si wageni peke yao. Tunaisikia kwa walimu wetu, tunaisikia kwenye redio, na mzazi wa Ndosho anayetaka kumuonyesha mgeni kwamba nyumba yake ni ya watu waliosoma anamkaripia mutoto mbele ya watu: sema Kiswahili safi!

Safi ya nani? Hilo ndilo swali langu, na ili kulijibu naomba kuita mashahidi wawili wanaoonekana kutoka mbali: Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala kusini mwa India, na Kiafrikaans cha Afrika Kusini. Usiseme, ndugu msomaji, kwamba hizo si habari zetu. Barabara inayotoka katikati ya muji kwenda Sake inapita Ndosho, na tangu ujumbe wa Umoja wa Mataifa uje hapa imepitisha majeshi ya lugha nyingi. Wahindi wamekaa Goma tangu wakati wa MONUC, pamoja na hospitali yao ya kijeshi, na jeshi la India lina watu wa Kerala kama lilivyo na watu wa majimbo mengine. Waafrika Kusini walipita barabara hiyo hiyo kwenda kambi yao ya Mubambiro, na Januari 2025 wanajeshi wao 14 walikufa katika mapigano ya Sake na Goma. Watanzania walikuja mwaka wa 2013 na brigedi ya Umoja wa Mataifa, Wakenya wakaja Novemba 2022. Mama anayeuza ndizi kando ya barabara ya Ndosho amesikia Kiswahili cha aina nyingi kuliko maprofesa wengi.

Nianze na Kiafrikaans, maana historia yake inafanana na yetu mpaka inatisha kidogo.

Mwaka wa 1652 kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara na Asia ilimtuma Jan van Riebeeck afungue kituo kule Cape, ili meli zipate maji, mboga na nyama katikati ya safari. Kituo kikawa muji. Walikutana pale Waholanzi wa vijiji tofauti ambao hata wao kwa wao hawakusema sawa, Wajerumani, Wafaransa Waprotestanti waliokimbia inchi yao, Wakhoekhoe wenye ardhi, na watumwa walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia ya leo, Bengal, Madagaska, Msumbiji na pwani ya Malabar. Watu wote hao walihitaji kuelewana jikoni, shambani na gatini. Walichukua Kiholanzi cha bwana na kukipunguza uzito. Kiholanzi kinasema "ik ben, jij bent, wij zijn". Wao wakasema "ek is, jy is, ons is", kitenzi kimoja kwa watu wote. Jinsia za majina zikatupwa. Maneno mapya yakaingia: "baie", yaani "mingi", linatoka katika Kimalei, na hata ndizi ilipata jina la Kimalei, "piesang".

Waholanzi waliofika kutoka Ulaya walicheka. Wakaiita lugha ya jikoni. Mkongomani anayechekwa Kariakoo angeweza kukaa na mupishi mtumwa wa Cape Town wa mwaka wa 1750 na wakapeana pole.

Wa kwanza kuiandika lugha hiyo kwa mfululizo walikuwa wale wale waliodharauliwa. Waislamu wa Cape Town, wengi wao wazao wa watumwa, waliwafundisha watoto dini kwa Kiafrikaans kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Abu Bakr Effendi, mwalimu aliyetumwa kutoka Milki ya Osmani, aliandika kitabu kizima cha mafundisho ya dini kwa njia hiyo, na kilichapwa Istanbul mwaka wa 1877. Babu zetu waungwana waliokuja kutoka pwani mpaka Nyangwe na Kasongo wangeweza kuzisoma zile herufi moja kwa moja, ingawa wasingeelewa neno.

Halafu hadithi inageuka. Tarehe 14 Agosti 1875, katika muji mdogo wa Paarl, Wazungu wachache walianzisha chama cha kuitetea lugha hiyo, na mwaka uliofuata wakatoa gazeti, Die Afrikaanse Patriot. Kazi yao ilikuwa kubwa na walifaulu: mwaka wa 1914 Kiafrikaans kiliruhusiwa shuleni, mwaka wa 1925 kikawa lugha rasmi, mwaka wa 1933 Biblia nzima ikatoka. Miaka 50 tu kutoka jikoni mpaka bungeni! Lakini walipoipandisha lugha waliisafisha pia historia yake. Mupishi akafutwa, mtumwa akafutwa, Mkhoekhoe akafutwa, na Kiafrikaans kikatangazwa kuwa mali ya Mzungu, alichopewa na Mungu pamoja na ardhi. Mwisho wa njia hiyo tunaujua. Mwaka wa 1974 serikali ya ubaguzi iliamuru shule za Weusi zifundishe nusu ya masomo kwa Kiafrikaans, na tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana na polisi wakawapiga risasi. Ile tarehe tunayoifanyia sikukuu kila mwaka kama Siku ya Mtoto wa Afrika inatoka hapo, kwenye ugomvi wa lugha ya darasani. Na bado, leo, zaidi ya nusu ya Waafrika Kusini wanaosema Kiafrikaans nyumbani si Wazungu.

Shahidi wa pili amevaa vizuri zaidi. Kimalayalam kina watu zaidi ya milioni 30, kina magazeti makubwa, kina sinema zinazotazamwa dunia nzima, na tangu mwaka wa 2013 serikali ya India inakihesabu kati ya lugha za kale zenye heshima maalumu. Ukikiangalia leo huwezi kuwaza kwamba kilianza kama lafudhi ya watu wa pembeni. Ndivyo lakini wataalamu wengi wanavyosema: milima mirefu inatenganisha pwani ya Kerala na inchi ya Watamil, na Kitamil cha upande wa magharibi wa milima kilienda njia yake pole pole, mpaka karne ya 9 tunaanza kukiona katika maandishi kikiwa na sura yake. Watu wa Kerala hawapendi kusikia kwamba lugha yao ni binti wa Kitamil. Wanasema ni dada. Ugomvi huo niwaachie wenyewe.

Kinachonivutia ni kile Kimalayalam kilichofanya na vitenzi. Mtamil anasema "naan vandheen", nilikuja. "Avan vandhaan", yeye mwanaume alikuja. "Aval vandhaal", yeye mwanamke alikuja. Kila mutu ana mkia wake kwenye kitenzi. Mtu wa Kerala anasema "njaan vannu, avan vannu, aval vannu". Mikia yote imekatika. Rudi sasa juu kidogo, utazame "ek is, jy is, ons is". Lugha moja imezaliwa na Kitamil, nyingine na Kiholanzi. Zinatenganishwa na bahari na karne nyingi. Na zote mbili zimetupa kitu kile kile, kwa sababu jina la mutu likishatajwa mbele, mkia wa nyuma haumwambii msikilizaji habari mpya.

Sisi tumefanya nini? Sisi tumetupa sehemu ya upatanisho wa ngeli. Kitabu yangu, viti yetu, mulango yako. Ukishasema "kitabu", nani atasahau kwamba tunaongelea kitabu? Anayesema huo ni uvivu wa Wakongomani aende kwanza Kochi awaambie wavivu milioni 30. Hatafika mbali.

Na lugha inayotupa inaokota pia. Kimalayalam kiliokota maneno ya Kisanskrit kwa mikono miwili, mpaka washairi wa zamani wakauita mchanganyiko wao manipravalam, yaani vito na marijani vilivyotungwa katika uzi mmoja. Kiafrikaans kiliokota Kimalei. Kiswahili cha Goma kimeokota katika Kifaransa, katika Lingala na katika lugha za vijiji vyetu, tena si maneno peke yake. Msikilize mukaaji wa Ndosho: "anakula sombe", "eko anakula sombe", "anakulaka sombe". Ya katikati inasema jambo linafanyika sasa hivi, usiingie bado. Ya mwisho inasema ni desturi yake. Mtu wa Unguja atasema "anakula" kwa zile mbili za kwanza, na kwa ya tatu atasema "hula", neno ambalo mutoto wa Ndosho akilisikia anaweza kudhani ni kukataa. Hapo nani amepoteza na nani amepata?

Basi umbali kati ya mtoto na mama hauamui kitu. Kimalayalam na Kiafrikaans havikuwa lugha siku vilipofika umbali fulani kutoka kwa wazazi wao. Vilikuwa lugha siku watu walipoanza kuviandika bila kuomba msamaha. Tofauti iko katika namna. Kerala ilichukua karne nyingi, na mikono mingi: wafalme wakachonga amri zao kwenye mabati ya shaba, mwanasarufi wa karne ya 14 akaandika kanuni za manipravalam (kwa Kisanskrit, maana hata yeye aliona aibu kidogo), Ezhuthachan katika karne ya 16 akazisimulia hadithi kubwa za dini kwa maneno yanayoingia katika masikio ya watu wa kawaida, Waislamu wa Malabar wakatunga nyimbo zao kwa herufi za Kiarabu mapema karne ya 17, na mmisionari Mjerumani, Hermann Gundert, akatoa kamusi mwaka wa 1872. Hakuna kundi moja lililoweza kusema lugha hii ni yetu peke yetu. Hata jimbo lenyewe, lilipoundwa tarehe 1 Novemba 1956, lilichorwa kwa kufuata wanaosema Kimalayalam, wawe Wahindu, Waislamu ao Wakristo. Kiafrikaans kilikwenda mbio, kwa chama na kwa sheria, na kundi moja likakishika.

Hao "wenye Kiswahili safi" nao walipitia chama. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1928 maofisa wa makoloni ya Waingereza walikutana Mombasa na kuchagua lafudhi ya muji wa Unguja iwe msingi wa vitabu vya shule, na mwaka wa 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Watu wa Mombasa wenyewe, wenye mashairi ya karne nyingi, walikatwa nje. Kongo haikuwa mezani kabisa, sisi tulikuwa kwa Mbelgiji. Na mwaka ule ule wa 1928 mmisionari John Whitehead, kule Wayika kwenye mto Lualaba, alitoa kitabu cha kufundisha Kingwana. Viswahili viwili, mwaka mmoja. Kimoja kilikuwa na serikali nne nyuma yake, kingine kilikuwa na misioni moja. Tukizungumza juu ya usafi tukumbuke hesabu hiyo.

Sasa nirudi Ndosho, maana kama jambo hili lingekuwa la kuchekwa Kariakoo peke yake nisingewapotezea muda.

Katiba yetu ya mwaka wa 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu mutoto aanze masomo kwa lugha ya taifa ao ya mahali pake. Ni vizuri. Lakini mutoto wa Ndosho akifungua kitabu cha mwaka wa kwanza anakuta "Watoto wanacheza uwanjani". Nyumbani kwao, na kwa jirani, na kwa mwalimu mwenyewe wakati wa mapumziko, ni "batoto beko banacheza ku kiwanja". Mutoto huyo ana kazi mbili kwa siku moja: kujifunza kwamba alama zile ni sauti, na kujifunza lugha ambayo hakuna mutu wa avenue yake anayeisema. Akianza kuizoea, Kifaransa kinaingia na kuifukuza. Tena Ndosho si kartie ya watu waliokaa kimya mahali pamoja. Imepokea watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale, waliokuja na magodoro kichwani kila vita ilipozidi. Mutoto aliyefika akisema Kihunde ao Kinyarwanda anakamata Kiswahili cha Goma barabarani katika miezi michache, bila mwalimu, kwa kucheza mpira. Hiyo ni shule inayofanya kazi. Tunamtoa humo tunamwambia: ulichojifunza ni makosa.

Kwa watu wakubwa ni mbaya zaidi, maana kwao si mtihani, ni uhai. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, mashirika yalijaza kuta kwa karatasi za Kifaransa na Kiswahili cha kitabu. Shirika la Translators without Borders lilichunguza jambo hilo Beni na Goma, na likashauri habari ziandikwe katika lugha ambayo watu wanaisema kweli. Ushauri mzuri, na kila mukaaji angeutoa bure. "Jiepushe na maambukizi" si sentensi ya Ndosho. Sentensi ya Ndosho ni "musiguse mugonjwa, ile ugonjwa itakushika". Ya kwanza inaonekana ya heshima ukutani. Ya pili mama anairudilia kwa jirani yake jioni ile ile, na jirani anairudilia kwa watoto. Na ugonjwa haukumalizika na Ebola: kipindupindu hakijawahi kutuacha, na mwaka wa 2024 mpox iliingia katika kambi za wakimbizi kuzunguka muji. Hospitali ya CBCA Ndosho imepokea majeruhi wa vita kwa miaka mingi pamoja na wapasuaji wa CICR. Mutu mwenye risasi mguuni, anayetakiwa kuamua kama mguu ukatwe ao ujaribiwe, anahitaji kuelezwa kwa lugha ambayo haimwongezei maumivu.

Kuna neno moja linaloonyesha vizuri shida yenyewe. Katika Kiswahili cha kitabu, maandishi kama haya yanaitwa makala. Ndosho makala ni yale meusi yanayopikia maharagi, yanayotoka msituni kwa chukudu na kila mwezi bei yake inapanda. Ukimwambia mama wa Ndosho "soma makala haya", usishangae akikuuliza gunia ni ngapi.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: na wewe mbona unaandika kwa Kiswahili hicho cha kitabu? Ni kweli, pamoja na "inchi" yangu na "ao" yangu. Ninaandika hivyo ili nisomwe Bunia, Lubumbashi na hata Kigoma, na sitaki mutoto wa Ndosho anyimwe njia hiyo. Ajifunze Kiswahili sanifu, tena vizuri, kwa sababu biashara ya mashariki inakitumia na vitabu vingi viko humo. Mwenye kusema Kiafrikaans anaweza kusoma gazeti la Uholanzi bila shida kubwa. Kuwa na nyumba yake hakukumzuia kumtembelea mama. Ninachokataa ni kuanza na chumba cha wageni wakati mutoto hajapewa ufunguo wa nyumba yao.

La pili ni zito zaidi: Kingwana gani? Goma inasema hivi, Bukavu vile, Kisangani na Lubumbashi vingine kabisa. Hapo ningejibu kwamba Kerala nayo ina lafudhi za kaskazini na kusini ambazo zinachekana, na gazeti linasomwa kote. Mambo mengi yanatuunganisha kuliko tunavyodhani: "ku" na "mu" mahali pa "-ni", "iko", "-ka" ya desturi, "juu" kwa maana ya "kwa sababu". Mutu wa Lubumbashi akisoma sentensi ya Ndosho atatabasamu, lakini ataelewa. Akisoma "hula" itabidi aulize.

La tatu halisemwi kwa sauti, na ndilo ninaloliogopa. Katika muji huu lafudhi inaweza kumletea mutu maswali kwenye bariere. Tumeishi na Lingala kama lugha ya mwenye bunduki kwa muda mrefu, na baada ya Januari 2025 mwenye bunduki amebadilika, lakini sikio linalopima "r" na "l" za jirani halikubadilika. Mutu atasema: ukianza kuandika Kiswahili cha hapa, utaanza pia kuuliza nani ni wa hapa. Ndivyo Paarl walivyofanya, sikatai. Lakini angalia lugha yenyewe. Kiswahili cha Goma hakina kabila. Hakuna Mhunde, Mnande, Mnyarwanda, Mshi wala Mtembo anayeweza kusema babu yake alikizaa. Kilitengenezwa na watu waliokutana, kama jikoni la Cape Town kabla halijaibiwa. Katika mambo machache ambayo wakaaji wote wa Ndosho wanamiliki pamoja bila kugombana, hiki ni kimoja, na labda hiki ndicho kikubwa.

Kwa hiyo swali la nani ataandika kwanza si dogo. Kwa sasa wanaoandika Kiswahili chetu ni makundi mawili. Moja ni mashirika, yanayokigeuza matangazo ya kunawa mikono, na mradi ukiisha wanaondoka na tahajia yao. Lingine ni vijana, wanaotumiana ujumbe kwenye simu usiku na mchana: mmoja anaandika "niko nakuya", mwingine "nikonakuya", mwingine "nko nakuya", na wote wanaelewana. Nawaamini hao wa pili zaidi. Kuna mfano wa nyumbani pia. Mwaka wa 1965, Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya muji ule kama walivyoiona waliokuwa maboyi wa Wazungu, kwa Kiswahili chao cha Katanga, bila kukisafisha. Mtaalamu Johannes Fabian alikitoa kitabu hicho mwaka wa 1990 na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Boyi wa jikoni, tena, alishika kalamu kabla ya profesa.

Ningependa walimu wa Ndosho waliobaki wakifundisha katika miaka hii migumu wakutane na watangazaji wa redio na mama mmoja ao wawili wanaoheshimiwa sokoni, wakubaliane tahajia ya maneno mia mbili ya kila siku. Wasingojee Kinshasa, wala mradi. Waamue kama ni "batoto" ao "watoto", kama "niko nakula" yaandikwe pamoja ao mbalimbali, kama "-ka" ibaki. Halafu kijitabu cha kurasa ishirini cha mwaka wa kwanza, chenye chukudu, mlima wa Nyiragongo na sufuria ya sombe; upande wa kushoto Kiswahili cha nyumbani, na kuanzia katikati ya mwaka, upande wa kulia, Kiswahili cha kitabu. Mwalimu aandike ubaoni "kitabu yangu", na chini yake "kitabu changu", na awaambie watoto ya kwanza inasemwa wapi na ya pili inasemwa wapi, bila kutumia kalamu nyekundu kwa yoyote.